Mshono Ulionyooka Mno

Mtaa mzima walimwita Sindano Mbili, na halikuwa tusi. Alishona ngozi kwa sindano mbili kwa wakati mmoja, moja mkono huu, moja mkono ule, uzi mmoja katikati, na zile sindano zikipishana kwenye tundu moja kama majirani wasiosalimiana. Ukikaa karibu naye ulisikia msharasi, kile chuma chenye ncha, ukitoboa, tk, halafu uzi wenye nta ukivutwa huku na huku, fyuu, halafu tk tena. Watu wa ghorofa ya juu walisema sauti ile inawaletea usingizi. Wavivu tu wale, wangelala hata juu ya ngoma.

Hakuwa mzuri wa sura wala wa maneno. Uso alipewa mmoja, akaukunja tangu utotoni, na hakuona sababu ya kuukunjua. Mume alikuwa naye, akafa, akamlilia kwa adabu, akarudi kazini. Watoto hakujaaliwa. Alichojaaliwa ni mkono, na mkono huo aliupata kwa baba yake, fundi viatu aliyekaa chini ya ngazi za jengo moja la zamani karibu na soko, mahali ambapo ukisimama unagonga kichwa.

Yule mzee alikuwa na sheria moja. Mshono ukipinda, kiganja kinapigwa kwa mkanda kwanza, ndipo mshono ufumuliwe. Akishakupiga anauliza, "Nani kaupindisha, ngozi au wewe?" Ukijibu ngozi, unaongezwa.

Kaka yake Sindano Mbili alipigwa mara mbili akakimbia kazi. Binti akabaki, akapigwa mpaka mshono ukanyooka, na ulivyonyooka haukupinda tena.

Mzee alipofariki, hata udongo haujakauka, yule kaka alikiuza kibano cha marehemu. Kibano kile kilikuwa mbao mbili ndefu za kushikia ngozi, unazibana katikati ya magoti ili mikono yote miwili ibaki huru. Kilikuwa kimelainika kwa mapaja ya mzee miaka arobaini. Kaka akauza, akaongezea vijisenti vyake, akanunua cherehani. Dada hakuulizwa. Aliambiwa mambo yameshakwisha, tena aliyemwambia ni mke wa kaka, amesimama mlangoni na mkono kiunoni.

"Wifi yangu, dunia inakwenda mbele. Utakaa unakumbatia ubao na mapaja mpaka lini, na mume hayupo?"

Sindano Mbili aliyaweka maneno yale. Kuna watu wanaweka akiba ya mahindi; yeye aliweka maneno ya watu, na hayakuwahi kuingia dumuzi hata siku moja. Akaenda kwa seremala, akachongewa kibano kingine. Kikamchubua mapaja mwaka mzima, akakivumilia kama mtu anavyomvumilia mume wa pili.

Basi kaka akawa anatoa mikoba kumi kwa siku, dada anatoa mmoja kwa siku tatu. Wifi akaubeba ule wa kwanza wa cherehani kwenda nao sokoni, anautembeza kila meza, kama sheria ilivyo: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye meza ya vitunguu msumari ukanasa uzi mmoja. Mmoja tu. Wifi akavuta, na ubavu mzima wa mkoba ukafunguka kama mtu anapiga miayo. Vitunguu, funguo, kitana na picha ya harusi, vyote chini.

Sindano Mbili alikuwa meza ya pili. Hakucheka. Aliinama, akaokota kitunguu kimoja, akakifuta, akamtia wifi yake mkononi.

"Dunia inakwenda mbele, wifi."

Kuanzia hapo wakawa wanasalimiana vizuri sana, salamu ndefu, ya kuulizana hali mpaka ya kuku, na nyuma ya salamu hamna kitu.

Biashara ya cherehani ilikufa baada ya mwaka na nusu. Kaka akaenda kuwa mlinzi wa ghala, na hapo alifaa, maana kazi yenyewe ilikuwa kukaa. Ile mikoba iliyobaki wakaigawa. Mmoja Sindano Mbili aliuomba, akautundika kwenye msumari juu ya meza yake. Aliutazama siku nyingi mpaka akajua ugonjwa wake. Kwenye cherehani uzi wa juu na uzi wa chini wameshikana vidole tu, mmoja akikatika, wote wanaachia, kama ndugu kwenye urithi. Wa mkono sivyo. Kila ncha ya uzi imepita kila tundu, huku na huku. Kata mmoja, wa pili anashika. Elimu hiyo hakumwambia mtu. Nani aliuliza?

Miaka ikapita anatengeneza mabegi ya shule na mikanda, na akipata nafasi anajishonea mkoba mmoja mzuri, anauza kwa mtu mwenye macho. Wenye macho hawakuwa wengi.

Ndipo akaja binti wa kaka. Yule yule wa wifi, damu ya cherehani. Amemaliza shule, hana kazi, kasimama chini ya ngazi kainamisha kichwa kwa sababu hakuna namna nyingine ya kusimama pale.

"Shikamoo, Shangazi. Nimekuja unifundishe."

Shangazi mtu akamtazama vidole, hakumtazama uso. Vilikuwa vidole virefu, vya marehemu mzee. Akamsogezea kigoda. Kiganja hakumpiga, zama hizo zimepita, lakini mshono ukipinda alimwambia kitu ambacho ni afadhali angepigwa.

Baada ya miaka mitatu binti akatoa mshono unaotazamika. Tena yeye ndiye aliyeleta akili ya duka la mlimani. Alipiga picha mikoba ya shangazi yake kwa simu, akiiweka dirishani ipate mwanga, akazipeleka kwa mama mmoja mwenye duka huko juu kwenye nyumba zenye kuta ndefu. Duka lote kioo. Ukipita nje unaona viatu vitatu na mkoba mmoja, unadhani wanahama. Kumbe ndiyo fahari yenyewe: kidogo, na kila kitu kimekaa peke yake kama bwana harusi.

Mama wa Vioo, ndivyo walivyomwita, alishuka mwenyewe mpaka chini ya ngazi. Akaushika mkoba kama anashika kichanga. Akanusa ngozi, akapitisha ukucha kwenye ukingo uliosuguliwa kwa nta na kitambaa mpaka unang'aa, akafungua ndani akakuta bitana imeshonwa vizuri kama nje. Akataja bei atakayonunulia. Sindano Mbili alidhani kasikia vibaya, akanyamaza. Mama wa Vioo akadhani ananyamaza kwa sababu ni kidogo, akaongeza. Huo ndio ujanja pekee wa biashara ambao Sindano Mbili aliwahi kuufanya, na hakuufanya yeye.

Wakatoka chini ya ngazi. Wakapanga chumba chenye madirisha mawili na meza ndefu, wakamchukua na mama mmoja wa jirani aliyeitwa Kimya, kwa sababu hakuwa mtu wa kunyamaza. Kimya alikata ngozi, binti na shangazi wakashona. Mikoba sita kwa mwezi, haizidi. Watu wakawaambia wapumbavu hao, chukueni mafundi, toeni sitini. Sindano Mbili akawaambia wao watoe.

Ilikwenda hivyo miaka miwili. Alianza kunenepa. Uso ulikuwa bado umekunjwa, lakini ilikuwa mikunjo ya mtu aliyeshiba.

Halafu siku moja dereva wa Mama wa Vioo akaleta boksi. Ndani mikoba sita, yote ya mwezi uliopita, na bado ina utepe wake. Nyuma ya dereva akaja mwenye duka, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Akaeleza kwa upole, wa kupaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwamba wateja wananung'unika. Kwamba mama mmoja, mke wa mkubwa, ambaye akinunua kitu wenzake ishirini wananunua, ameukagua mshono akasema hii ni kazi ya mashine, imenyooka mno, tunauziwa cherehani kwa bei ya mkono. Wenzake wameshamwamini. Jumamosi ya wiki mbili zijazo yeye mwenye duka amewaalika wote dukani kwa chai, na anataka mikoba kumi na miwili, hii sita na sita mingine mipya. Ikikataliwa tena, rafu ile anampa mtu wa viatu, na habari yao imeishia hapo.

Kisha akasogea karibu, akashusha sauti, kama anampa siri ya dawa.

"Mama, ipindishe kidogo tu. Hapa na pale. Ili mkono uonekane."

"Mkono wangu unaonekana," Sindano Mbili akasema. "Wasiouona ndio wapimwe macho."

Mama wa Vioo akacheka kile kicheko cha watu wenye viyoyozi, akaondoka. Wote watatu waliobaki chumbani walijua maana yake. Rafu ile ikienda, chumba cha madirisha mawili kinakwenda, Kimya anarudi kufua nguo za watu, na wengine wanarudi chini ya ngazi kushona mabegi ya shule yaliyojaa wino na makombo ya mikate.

Sindano Mbili akaurudisha ule utepe kwenye boksi, akakaa, akabana kibano. Tk. Fyuu. Akashona kama jana.

Binti hakushona kama jana. Ni damu ya cherehani, ikiona kona inaikata. Alichukua mikoba mitatu kati ya ile sita mipya, akasogea nayo dirisha la pili, akasema huku kuna mwanga. Siku tisa alikaa amegeuza mgongo. Kimya alijua. Mtu anayeongea siku nzima akawa anaongea habari za mvua tu, ungejua kuna kitu.

Sindano Mbili alikuwa na desturi: mkoba hautoki mpaka afumbe macho aupitie na kidole gumba, mshono wote, kuanzia kitasa mpaka kitasa. Macho yanadanganyika, alisema, yanataka kumpendeza mwenye kazi. Kidole hakina adabu hiyo. Siku mbili kabla ya chai akakaa, akafumba macho, akapitia wa kwanza, wa pili, wa tatu, yote ya mkono wake mwenyewe. Akachukua wa nne. Kidole kikaenda, kikaenda, kikaruka. Akarudi nyuma. Kikaruka tena. Tundu moja juu, moja chini, moja limekaa pembeni kama mlevi. Akafumbua macho.

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana, Shangazi."

"Mkono umevunjika?"

"Hapana."

Akachukua wa tano, na wa sita. Vile vile.

"Basi umepindisha ukiwa mzima."

Binti alikuwa na maneno yake, ameyaandaa siku tisa, akayatoa. Kwamba mteja ndiye mwenye macho na ndiye mwenye mfuko. Kwamba Kimya ana wajukuu. Kwamba mkoba ulionyooka ukikaa hapa kwenye msumari haulipi kodi ya chumba. Kwamba ni kupinda kidogo tu, hakuvujishi maji, hakuui mtu. Alisema vizuri, na yote yalikuwa kweli, na ndiyo yaliyomuudhi zaidi mwenzake.

"Mimi nimepigwa viganja hivi kwa mshono kama huo," Sindano Mbili akasema. "Kila tundu lako moja nimeshalipia miaka hamsini iliyopita. Na wewe unataka niliuze kama kosa la bahati mbaya. Ungepinda kwa kutojua, ningekufundisha. Umepinda kwa kujua. Huo ni uwongo, tena umeushona kwa nta."

"Basi nifumue, Shangazi."

"Fumua uone."

Hapo ndipo binti akalia, maana alikumbuka. Ngozi si kitambaa. Uzi unaweza kuutoa, tundu haliondoki. Ukishatoboa, umetoboa mpaka siku ngozi itakapooza. Mikoba mitatu ya ngozi nzuri, haiuziki, haifumuliki. Mtu aliyezaliwa na kulelewa na cherehani ndiye anayeweza kusahau jambo kama hilo.

Sindano Mbili hakumbembeleza. Alisogeza ile mitatu kando, akahesabu iliyobaki, tisa. Halafu akakaa anautazama ule mkoba wa kaka yake juu ya msumari, wenye vumbi la miaka. Akautazama muda mrefu kidogo. Akapanda kigoda, akautungua.

Jumamosi wakaenda na tisa na ule mmoja. Dukani kulikuwa na viti vyeupe ambavyo mtu mwenye akili hakai, vikombe vidogo vya kunyweshea ndege, na akina mama wanaonukia mpaka koo linawasha. Mama wa Vioo akawahi mlangoni, akaupitia mmoja kwa jicho, rangi ikambadilika.

"Mama. Hukuipindisha."

"Sikuipindisha."

"Umenimaliza."

"Subiri nimalize mimi kwanza."

Mke wa mkubwa alikaa katikati, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuagiza. Alipewa mkoba, akavaa miwani, akaukagua, akatoa kile kicheko cha pua. Akawaambia wenzake, si niliwaambia, huu ni wa mashine, binadamu hashoni hivi.

Sindano Mbili akasogea mpaka mbele yake na viatu vyake vya kazini. Akatoa wembe wa kukatia ngozi, akamshikisha mpini.

"Mama, kata."

"Nikate nini?"

"Uzi. Popote unapopenda."

Mama wa Vioo alitoa sauti kama ya paka aliyekanyagwa. Yule mke wa mkubwa akaangalia kulia, akaangalia kushoto, lakini wenzake walikuwa wanamtazama na hakuweza kurudi nyuma. Akakata uzi mmoja katikati ya ubavu.

"Kata na wa pili, usione haya."

Akakata. Sindano Mbili akauchukua mkoba, akashika pande zote mbili za ule mshono, akavuta kwa nguvu zote alizonazo, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mshono ukakaa. Haukutoa hata pumzi.

Kisha akautoa ule wa kaka yake, akapuliza vumbi likawaangukia kwenye vikombe, akasema huu ndio wa mashine. Kata. Akakata uzi mmoja tu. Sindano Mbili akavuta kwa vidole viwili, kama mtu anavyomenya ndizi, na ubavu ukafunguka mzima, trrr, mpaka chini. Nje ya mlango, ambako binti alikuwa amesimama na boksi, ilisikika sauti hiyo hiyo ya sokoni, ambayo mama yake aliisimulia nyumbani miaka mingi kama habari ya msumari mbaya.

Sindano Mbili akatupa jicho kwenye mkoba wa mke wa mkubwa mwenyewe, uliokuwa mapajani, mkoba wa jina kubwa, wa kutoka mbali kwa ndege.

"Na huo tuujaribu?"

Yule mama akaukumbatia kwa mikono miwili kama mtoto anayechukuliwa na maji. Mmoja wa nyuma akashindwa kujizuia, akacheka, na kicheko kikapita viti vyote, mwisho mke wa mkubwa naye akacheka, akatikisika mpaka kiti cheupe kikalalamika. Akasema anauchukua ule uliokatwa. Sindano Mbili akamwambia ule hauuzwi, achague mwingine. Akachagua miwili.

Ule uliokatwa uko dukani mpaka leo, karibu na mlango, umefungiwa wembe kwa kamba. Anayebisha anakata. Umekatwa mara nyingi sasa hauna hesabu, na bado mtu akiutundikia mzigo unabeba.

Kaka yake aliposikia mkoba wake ulivyotumika, akasema angalau umefaa. Hilo lilikuwa neno la kwanza la maana alilosema tangu mazishi, na dada yake hakumpa sifa kwa ajili yake. La kibano hajamsamehe. Atakufa hajamsamehe, na kama kuna mahali pa kusemea huko mbele, atasema.

Binti hakufukuzwa. Alipewa mmoja wa ile mitatu iliyopinda, akaamriwa aje nao kazini kila siku na chakula chake ndani, mpaka uchakae. Wa pili alipewa Kimya kwa kosa la kunyamaza, kosa ambalo hakuwahi kulifanya kabla wala baada. Wa tatu Sindano Mbili aliufunga kwenye karatasi nzuri, akaupeleka mwenyewe kwa wifi yake, salamu ndefu, hali ya kuku, akasema ni kazi ya mikono ya mwanao. Wifi akafurahi. Akaenda nao sokoni siku hiyo hiyo.

Na baada ya mwezi binti akaingia chumbani asubuhi, akakaa, akawa anasita na neno mdomoni. Shangazi yake akamwambia ateme.

"Mama ameuuza ule mkoba."

"Kamuuzia nani?"

"Rafiki wa yule mke wa mkubwa. Walikutana njiani. Kasema ameupenda kwa sababu umepinda, unaonekana wa mkono kweli." Binti akashusha sauti. "Bei ilizidi ya dukani."

Sindano Mbili akaziweka sindano zote mbili mezani. Jambo hilo Kimya alikuwa hajawahi kuliona, akasimama na mkasi hewani. Shangazi mtu akaanza kutetemeka mabega, wakadhani ni hasira, kumbe anacheka, anacheka mpaka kibano kikamtoka magotini kikaanguka, machozi yanashuka kwenye ile mikunjo yote yasijue yapite wapi.

"Mwache," akasema alipopata pumzi. "Mwache wifi yangu. Amesubiri miaka thelathini kupata mteja wake."

Akakiokota kibano, akakibana. Akamwonyesha binti kwa kidevu dirisha la kwanza, lile la karibu naye, kwamba kuanzia leo akae hapo. Tk. Fyuu. Binti akavuta kigoda, akatia uzi kwenye nta.